Walinishukurisha Kabla Sijapona

Kaburi la Mwende lilichimbwa siku mbili. Ilikuwa Oktoba, mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei, na udongo wa kwetu Matinyani miezi ile haukubali jembe. Vijana walitumia sururu na mtaimbo wakipokezana, na shimo lenyewe halikuwa kubwa, maana lilikuwa la mtoto wa miaka kumi. Mimi nilikaa mkekani pembeni pamoja na akina mama wa ushirika, nimejifunga leso mdomoni. Watu walidhani nazuia kilio. Nilikuwa nazuia kikohozi.

Mchungaji Mutinda alimaliza sala, akanitazama. Akasema mbele ya watu wote, "Mama Mwende ni mtu wa shukrani, nyote mnamjua. Hata leo hatampa shetani nafasi. Simama, mama. Umshukuru Bwana kwa hiyo miaka kumi."

Nikasimama. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilisimama. Nafikiri miguu yangu ilikuwa imezoea kusimama kila akiniita. Nikatoa leso mdomoni, nikasema, "Bwana asifiwe." Watu wakaitikia, "Amina." Halafu kile kikohozi nilichokifungia tangu asubuhi kikatoka chote kwa pamoja. Nikainama juu ya lundo la udongo wa mtoto wangu nikatapika damu, na kila mtu akaona.

Mchungaji alirudi nyuma hatua mbili. Mume wangu Kyalo, aliyekuwa bado ameshika mtaimbo, akasema kwa sauti ya juu, "Haya, Pasta. Shukuru na hiyo."

Imepita zaidi ya miaka ishirini. Mimi naitwa Kalekye. Nilisoma mpaka darasa la nne, na ukiona makosa katika maandishi haya uyavumilie, kwa sababu sikuja kukuonyesha mwandiko. Naandika kwa ajili yako wewe unayekaa kwenye lile benchi la kifua kikuu, na kadi yako mkononi, huku watu wa masikio na meno wakikaa mbali nawe. Na naandika kwa ajili ya mtu mmoja ambaye anajijua, na ambaye nitamtaja jina tena na tena mpaka mwisho.

Ugonjwa wangu ulianza wakati wa kiangazi, miaka ya sabini ikiwa bado mipya. Kwanza nilidhani ni uchovu wa kuchota maji mbali. Halafu pete yangu ya ndoa ikaanza kuteleza kidoleni. Niliifunga uzi ndani ili ikae, wiki ya pili nikaongeza uzi, wiki ya tatu ikaanguka ndani ya sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na Mwende akaipata kwenye sahani yake. Tulicheka. Nilikuwa bado na nguvu za kucheka. Magoti yakawa makubwa kuliko mapaja, nywele zikawa nyekundu na laini kama za mtoto mchanga, hedhi ikakata. Mama mkwe wangu alitenga kikombe changu, akakifunga kitambaa chekundu kwenye kishikio ili mtu asikosee. Hakusema neno baya. Kila asubuhi alinipa chai ndani ya kile kikombe na kuniuliza kama nimeamka vizuri.

Kyalo alikuwa mpishi katika hoteli moja ndogo kule Mtito Andei, ile ya wenye malori. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Aliponikuta vile hakuvua hata koti. Alinipandisha nyuma ya baiskeli, akanisukuma mpaka barabarani, tukapata gari la kwenda Kitui mjini. Njia nzima alikuwa akinitukana kwa sababu sikumwandikia barua. Kyalo alipenda pombe na hakuwa ameokoka. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu katika habari hii yote yeye ndiye aliyeona sawasawa, na mimi ndiye niliyemwita mpagani.

Nililazwa miezi miwili, Novemba mpaka Januari, nikisikia mvua ikipiga bati la wodi na kujua kwamba kule nyumbani watu wanapanda bila mimi. Kila asubuhi ilikuwa sindano. Tulikuwa wanawake saba, na nesi wetu alikuwa mama mnene mwenye utani. Akiingia na trei yake alikuwa anauliza, "Leo ni Kitui ama ni Machakos?" Upande wa kushoto wa makalio ulikuwa Kitui, wa kulia ulikuwa Machakos. Mmoja anajibu, "Kitui imejaa, mama, hakuna pa kusimama." Mwingine anasema, "Nenda Machakos, lakini usipite barabara ya jana." Tulicheka mpaka tukakohoa, na tukikohoa anatufokea, "Nani amewaambia mcheke? Shikeni mikebe yenu!" Kila mmoja alikuwa na mkebe wake wa kutemea, wenye kifuniko. Mtu hukizoea kile kitu. Nilikuwa naweza kula nikiwa nimekiweka magotini.

Kila Ijumaa alikuja Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama Mwislamu aliyeuza chai na mahamri karibu na soko. Babu yake alitoka pwani na biashara zake, lakini yeye alizaliwa pale pale Kitui na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko changu. Alibeba sufuria ya uji wa wimbi iliyofungwa kwa shuka, akapita kitanda hadi kitanda. Mara ya kwanza nilisita. Nilikuwa mtu wa kanisa, nilifikiri labda uji huo umesomewa maneno. Akaona.

"Kunywa, uji unapoa."

"Mungu akubariki, mama. Nitakurudishia na nini?"

"Kwani nimekuuzia?"

"Lakini nashukuru sana."

"Shukuru ukimaliza. Saa hii mdomo una kazi."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimpamba kwa maneno alikasirika kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Sikumwona hata siku moja akisimama mlangoni kuangalia kama tumemaliza au tumefurahi. Aliacha, akachukua vikombe, akaenda kuuza mahamri yake.

Nyumbani Mwende alibaki na bibi yake. Tulikuwa na mbuzi mweupe mwenye maziwa, na ni Mwende aliyemkamua. Kila Jumamosi alitembea mpaka barabarani akampa kondakta mmoja chupa ya maziwa, na kondakta akaileta hospitali. Maziwa yalifika yameganda kwa sababu ya joto. Nilikunywa mtindi huo wote na kulamba mfuniko. Nikikumbuka mambo ambayo ningepaswa kushukuru kwayo maishani, ile chupa naiweka juu kabisa, na sikuwahi kusimama mbele ya mtu yeyote kuitolea ushuhuda.

Januari nikaruhusiwa. Uso ulikuwa umejaa. Daktari aliniita akanipa bahasha ya vidonge na kadi, akasema polepole kama mtu anayemfundisha mtoto: "Mama, hujapona. Umeanza kupona. Hivi utameza kila siku mwaka mzima na zaidi, na kila mwezi uje hapa uchukue vingine. Siku utakayojiona mzima kabisa ndiyo siku ya kuogopa, kwa sababu ndipo watu huacha."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa. Sitamsingizia mtu yeyote kwamba sikuambiwa.

Vile vidonge nilivitia ndani ya mkebe wa majani chai, nikauweka juu ya kabati ambapo Mwende hangefika. Nikavimeza Januari. Nikavimeza Februari. Nikaenda kliniki mara moja, nikakaa kwenye benchi, nikapimwa, nikajaziwa mkebe. Wakati huo ndengu zilikuwa zimevunwa, na kanisa letu lilikuwa linajitayarisha kwa Jumapili ya shukrani.

Kama hukulelewa katika makanisa yetu nikueleze. Baada ya mavuno kila nyumba huleta kitu: ndengu, kunde, mahindi, kuku, mbuzi kama unaye. Vitu hupangwa mbele, watu hutoa ushuhuda mmoja mmoja, na baada ya ibada vyote hupigwa mnada pale nje, na kanisa hupata chake. Ni siku nzuri. Siwezi kudanganya kwamba si nzuri. Watu hucheka, mtu ananunua kuku wake mwenyewe kwa ushindani, watoto wanakula miwa. Mwaka ule kulikuwa na wageni wa kutoka upande wa Makueni, wachungaji na kwaya yao, na Mchungaji Mutinda alitaka waone kazi ya Mungu kwetu. Alikuwa kijana wakati huo, ana moto, na sauti yake ilikuwa inaingia mpaka kwenye mifupa.

Alikuja nyumbani wiki mbili kabla, pamoja na Mama Loise, mwenyekiti wa akina mama. Nikawapikia chai. Mchungaji akaniangalia, akamwambia Mama Loise, "Unaona? Huyu si yule tuliyemwombea akiwa mifupa."

"Ni mwingine kabisa," Mama Loise akasema.

"Mama Mwende, unamshukuruje Bwana?"

Nikamwambia nitaleta debe la ndengu. Akatikisa kichwa, akacheka, si kwa ubaya. "Debe la ndengu hata aliyeumwa na jino ataleta. Wewe Bwana amekutoa kaburini." Akanisimulia habari ya wale wakoma kumi, ambao ni mmoja tu aliyerudi. Akasema, "Wewe ni yule mmoja, mama. Nimekwisha waambia wageni kwamba watakuona."

Halafu macho yake yakapanda mpaka juu ya kabati. "Ule mkebe ni wa nini?"

Nikamwambia.

Akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo, nalinukuu kama lilivyotoka kinywani mwake: "Kushukuru baada ya kupona, hata mpagani anafanya. Mkristo anashukuru kabla. Sasa utasimamaje mbele ya watu useme Bwana amekuponya, na nyumbani umemficha daktari juu ya kabati?"

Nikasema daktari ameniambia nisiache. Mama Loise akanishika goti. "Dada, mimi nakupenda. Watu watasema nini wakisikia umetoa ushuhuda na kesho wakuone kwenye lile benchi? Si utakuwa umemfanya Mungu mwongo?"

Hilo ndilo lililoniangusha. Kwetu ushuhuda si maneno ya kupita. Ukisimama ukasema Bwana amekufanyia jambo, umelifunga, na watu wataliangalia maisha yako yote. Mlevi akishuhudia ameacha, watu humhesabia hatua mpaka nyumbani. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kuonekana nimeshuhudia uongo.

Kyalo alikuwepo mwisho wa mwezi huo. Nilimwambia nitamtoa yule mbuzi, na vidonge pia. Aliweka kijiko chini.

"Mbuzi sawa. Ni wako. Vidonge unampa nani?"

"Namtolea Bwana."

"Kwani Bwana ndiye anakohoa?"

Nikamwambia asitie mdomo katika mambo ya Mungu akiwa na pumzi ya pombe. Nikamwambia imani yangu isipotoshwe na mtu ambaye kanisani anaingia kwa mazishi tu. "Kalekye," akasema, hakuniita Mama Mwende, "mimi ndiye nilikubeba. Nilijua uzito wako." Akaondoka kurudi Mtito Andei kabla ya siku yake.

Basi Jumapili ikafika. Nilivaa gauni jipya. Mwende alimvuta yule mbuzi kwa kamba mpaka mlangoni mwa kanisa, na pale mlangoni akaniuliza, "Mama, na maziwa yako?" Nikamwambia Mungu ataleta mengine. Nilisimama mbele nikaeleza yote, mifupa, mkebe wa kutemea, sindano, na watu wakalia. Wageni wa Makueni wakalia. Nikasema, "Na leo natoa kile nilichokishikilia." Mchungaji akanyoosha kikapu, nikatia ule mkebe wa majani chai ndani, juu ya kunde. Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Sijawahi kupendwa na watu wengi namna ile kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nakwambia ukweli, ilikuwa tamu. Kama ningesema walinilazimisha, ningekuwa nasema uongo. Nilitoa kwa furaha.

Mama Loise ndiye aliyenunua mbuzi wangu mnadani. Vidonge, niliambiwa baadaye, vilimwagwa chooni.

Aprili nilipanda shamba mwenyewe. Mei nilipalilia. Nilikuwa natembea na kichwa juu. Kule nyuma ya ua nilimsikia mbuzi wangu akilia kwa Mama Loise, nikasema asante Bwana. Siku moja ya soko, nikiwa na Mwende, nilikutana na Bi Zuhura mjini.

"Wewe, mbona sikuoni kwenye benchi?"

"Nimepona, Bi Zuhura."

"Nani amekupima?"

Nikamjibu kwa maringo kwamba Mungu hapimi kwa mashine. Alimpa Mwende hamri moja, akamtazama anavyokula.

Julai kikohozi kikarudi. Kilianza kidogo, cha asubuhi. Nikasema ni vumbi. Katika kwaya Mama Loise alinisikia, akanivuta kando. "Ni vumbi, sivyo?"

"Ni vumbi."

"Shetani anataka kuiba ushuhuda wako. Usimfungulie mlango. Sema nimepona."

"Nimepona."

"Sema tena."

Nikasema tena, nikakohoa katikati. Tangu hapo nikaanza kukohoa kwa siri. Nilikwenda jikoni, nikafunga mlango, nikafukiza kuni mbichi ili mtu akisikia adhani ni moshi. Na nani alikuwa nami jikoni kila wakati, akinishikia kifua na kunipa maji? Mwende. Tulilala kitanda kimoja kwa sababu baba yake hakuwepo. Mimi mwenyewe nilimpa mtoto wangu ugonjwa wangu, tumefunga mlango, ili kanisa lisisikie.

Agosti akaanza kukonda. Joto la jioni, shingo imevimba kidogo, hataki kula. Bi Zuhura alimwona sokoni, safari hii hakumpa kitu. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Huyu mtoto mlete kesho asubuhi. Usiende shambani, usiende kanisani. Mlete, mimi nitakaa na wewe kwenye foleni."

Nikasema ndiyo.

Sikumpeleka. Nilikwenda kwa Mchungaji Mutinda. Nilimwambia, "Mchungaji, mtoto ni kama anaanza kile changu." Nilitaka aniambie niende. Nakuapia, kama angesema neno moja, "nenda," ningekimbia. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Mwende, akaomba kwa nguvu sana, akaniambia nirudi nyumbani nikishukuru. "Kama ulivyofanya kwako. Ilifanya kazi, sivyo?"

Na mimi, na kikohozi kimenijaa kifuani, nikasema ndiyo, ilifanya kazi.

Kyalo alirudi mwisho wa Septemba. Alimkuta Mwende hawezi kuinua kichwa, analalamika kwamba mwanga unamuumiza. Alimfunga mgongoni kwa leso kama mwanamke, akapanda baiskeli. Mimi nilifuata kwa miguu nikikohoa, niliwafikia barabarani.

Wodini daktari aliuliza, "Nani mwingine anakohoa nyumbani?"

Nikaangalia sakafu. Hata pale. Hata pale, mtoto akiwa kitandani, niliona uso wa Mama Loise na nikanyamaza.

Mwende akasema, sauti yake kidogo sana, "Mama anakohoa akiwa jikoni, ili watu wasisikie."

Aliishi siku nne. Siku ya tatu hakutujua tena. Bi Zuhura alikuja, ingawa haikuwa Ijumaa, akakaa upande wa miguu ya kitanda akimsugua nyayo. Hakunikumbusha alichoniambia. Nilimngoja anikumbushe. Mpaka leo ingekuwa afadhali angenitukana.

Mazishi nimekwisha kuyaeleza.

Baada ya kaburi nililazwa tena. Sindano zilianza upya, na safari hii hakuna aliyeuliza Kitui ama Machakos, kwa sababu yule nesi mnene alijua habari yangu. Alikuwa anadunga taratibu, akisugua mahali pale kwa pamba muda mrefu. Dawa za mara ya pili zilikuwa kali. Dunia ilizunguka nikisimama, nilishika ukuta kwenda chooni, na sikio la kushoto likaanza kulia kama nyenje kisha likanyamaza kabisa. Mpaka leo halisikii. Nilimeza vidonge miezi kumi na minane. Nilipita mvua za Novemba mbili, nikakaa kwenye lile benchi kila mwezi, na watu wa kanisa walipopita barabarani niliwaangalia mpaka wakageuza uso wao. Siku daktari aliposema, "Sasa umepona, mama," nilimwuliza anionyeshe kwenye kadi. Akanionyesha. Nikamwomba anisomee mara ya pili. Halafu nikatoka nje nikakaa chini kwenye kivuli cha ukuta na sikupata neno lolote la kusema kwa Mungu.

Kyalo alibaki Mtito Andei. Ana mke mwingine huko, na simlaumu. Siku moja aliniambia, "Kila nikikuona namwona amekushikia maji," na hiyo ikawa ndoa yetu.

Wewe uliye kwenye benchi, nina maneno machache kwako. Meza dawa. Ukijisikia mzima, meza. Ukiona aibu, meza ukiwa na aibu yako. Anayekohoa nyumbani, mlete hata kama ni mama mkwe. Na usidhani nakwambia uache kushukuru. Bado naenda kanisani, si lile, jingine. Nikivuna ndengu napeleka kidogo wodini na sisubiri mtu aseme kitu. Ninachokwambia ni kwamba shukrani ya kweli haina haraka na haiogopi kupimwa. Wale wakoma waliambiwa kwanza waende wakajionyeshe kwa makuhani, ndiyo kusema wakaangaliwe. Yule mmoja aligeuka na kurudi alipoona ngozi yake imekuwa safi. Nilikuja kuisoma habari hiyo mwenyewe, kidole kwenye mstari, na nilipofika hapo nilifunga kitabu nikalia.

Sasa nataja walionitendea haya. Mama Loise: alikuja kwangu kabla hajafa, akalia, akaniletea mwana-mbuzi wa uzao wa yule mweupe. Nilimpokea. Yeye nimemaliza naye. Mimi Kalekye: najijibia kila siku, sihitaji mtu wa kunisaidia. Anayebaki ni Mchungaji Mutinda.

Sisemi hakuamini alichonifundisha. Kwa muda mrefu nilisema hivyo kujifariji: kijana, ana moto, hakujua. Lakini mwaka wa pili baada ya kumzika Mwende, Mchungaji alishikwa na ngiri. Alipelekwa Nairobi, akapasuliwa, akakaa huko wiki tatu. Aliporudi alifanya shukrani kubwa, ng'ombe alichinjwa. Nilikwenda. Nilikaa nyuma kabisa, nimegeuza sikio langu zima. Nikamsikia akisema kwa kinywa chake mwenyewe, huku akicheka, kwamba mkewe alitaka shukrani ifanywe mapema, lakini yeye akamwambia, "Hapana, tungoje kwanza nyuzi zitolewe, daktari aseme niko sawa." Watu wakacheka naye. Watu wale wale.

Nimekwenda kwa wazee wa kanisa mara tatu. Mara ya kwanza waliniambia nisamehe. Mara ya pili waliniambia ni mambo ya zamani. Mara ya tatu waliniambia Mungu ndiye aliyetwaa. Nikawaambia Mungu na mimi tuna mazungumzo yetu, hayo wayaache. Siulizi habari za Mungu. Mungu hakuja nyumbani kwangu kunywa chai na kuangalia juu ya kabati.

Mchungaji Mutinda, najua sasa uko mjini Wote, kule Makueni, una kanisa la mawe na watu wanakuita Askofu. Najua unasoma, na kama husomi watu wako watakusomea. Sitaki mbuzi. Sitaki uniombee. Nataka useme mbele ya watu, kwa ile sauti yako ninayoijua, unijibu swali moja. Ulipokuwa wewe ndiwe unayeumwa, ulijua kwamba mtu hungoja nyuzi zitolewe. Nilipokuletea mtoto wangu, akiwa bado anaweza kusimama, ukaweka mkono wako juu ya kichwa chake ukahisi lile joto, kwa nini hukuniambia nenda?